Unga wa nano wa makonyo ya karafuu umeua bakteria, ila sijui nini hasa kilichoua

mtoto_wa_konde

Asalaam alaykum jamani, naomba msaada kwa wanaojua mambo ya kemia na maabara, mie nimekwama na siku zinakwenda.

Nnasoma mwaka wa tatu hapa Unguja lakini kwetu ni Konde, Pemba. Projekti yangu ni kutengeneza chembe nano, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, za zinki oksaidi kwa kutumia makonyo ya karafuu, vile vijiti vyake. Makonyo nimeyachagua kwa sababu kwetu msimu ukifika tunakaa barazani usiku tunachambua, karafuu zinakwenda kwenye jamvi makonyo yanabaki fungu pembeni, bei yake ndogo mno ukiweka na ya karafuu yenyewe, na tokea mdogo nnajiuliza hivi hichi kitu hakina kazi nyengine zaidi ya kukamuliwa mafuta?

Nilivyofanya ni hivi. Nimesaga makonyo makavu, gramu 10 nikazichemsha kwenye mililita 100 za maji ya kukeneka dakika 30, chumba kizima kikanukia karafuu mpaka wenzangu wakawa wanachungulia mlangoni wanauliza nani anapika pilau. Nikachuja, maji yametoka mekundu kama chai ya mkandaa. Nikayeyusha ndani yake zinki naitreti gramu 2.97, nikapasha moto nyuzi 70, halafu nikawa natia sodiamu haidroksaidi tone kwa tone huku nakoroga. Rangi ikageuka na likashuka tope zito la hudhurungi. Nikalichuja, nikaliosha kwa maji mara moja, nikalikausha kwenye oveni nyuzi 80 usiku kucha. Asubuhi nimekwangua unga wa kahawia nikaupima, gramu 1.6. Nilifurahi wallahi.

Kwenye bakteria nikatoboa visima vya mm 6 katika sahani ya aga ya Mueller-Hinton, ule ute mgumu wa kuoteshea bakteria, nikatia unga uliokorogwa na maji. Kwa bakteria Staphylococcus aureus duara walimoshindwa kuota likawa mm 14, kwa E. coli mm 10. Maji ya makonyo peke yake kwenye hiyo hiyo S. aureus yametoa mm 11.

Sasa msimamizi wangu kaniuliza suali moja tu: "Nini kilichoua hapo, makonyo, zinki, au huo unano wake?" Nikamjibu kwamba yujenoli, ile kemikali yenye harufu ya karafuu, imeipa zinki elektroni ikawa nano kisha ikaivika koti, maana ndivyo nilivyosoma kila pahala. Kanitizama akanambia nenda kafikiri.

Na jengine. Bibi yangu Konde ana sukari, ana kidonda mguuni mwezi wa pili huu hakifungi, anakiosha kwa maji ya karafuu. Kasikia nimetengeneza dawa ya karafuu inayoua vijidudu, ananipigia kila siku nimpelekee. Alkhamisi kuna mtu anapanda boti ya Mkoani. Nimpe?

nesi_wa_kisiwani

Waalaykum salaam mwanangu. Nnaanza na bibi, unga unaweza kusubiri, mguu hauwezi. Usimpelekee.

Mie ni muuguzi, nimefunga vidonda vya watu wa sukari miaka mingi, na kidonda cha mguu kwa mtu wa sukari si kidonda kama chengine. Sukari inaharibu mishipa ya fahamu kule chini, mtu anakanyaga msumari hasikii, na damu nayo inafika kidogo, kwa hivyo kidonda kinachimba kwenda ndani huku mwenyewe anakwambia hakimuumi. Kutouma kwake ndiko kunakonitia hofu. Nimewahi kumpokea mama mmoja kidonda chake kimejazwa unga wa mti, juu kimekauka kama saruji, tukakilowesha taratibu kwa maji ya chumvi tukabandua kipande kwa kipande, chini yake usaha ulikuwa umeshafika kwenye mfupa. Watu wake walikuwa wanampenda sana yule mama, walimpaka kwa mapenzi.

Zinki oksaidi kweli ni dawa ya ngozi ya siku nyingi. Ile losheni ya waridi ya kalamaini tunayowapaka watoto wenye vipele vya joto au tetekuwanga ndani yake mna zinki oksaidi, na krimu nyeupe za watoto wanaoungua na nepi vilevile. Lakini hiyo imetengenezwa kwa kiwango cha dawa, imepimwa kama ina risasi au arseniki, na hata hiyo losheni hatuitii kwenye kidonda kilicho wazi. Huo wako umeoshwa mara moja, mna sodiamu haidroksaidi na naitreti ndani, na haukuuliwa vijidudu. Vipi utautia kwenye nyama ya mtu mwenye sukari?

Mwambie wa nyumbani ampeleke hospitali apimwe sukari, kidonda kisafishwe, na apewe namna ya kutokukanyaga ule mguu, kukanyaga ndiko kunakozuia visifunge. Na wakiona weusi, harufu, homa, au wekundu unaopanda juu, wasingoje kesho, iwe siku ile ile. Mpaka afike, maji yaliyochemshwa yakapoa na kitambaa safi vinatosha.

kemia_ya_pwani

Ahsante dada nesi, hilo limekwisha. Mdogo wangu, msimamizi wako kakupa suali zuri kuliko unavyodhani, na jibu lake sehemu moja umeshaliandika mwenyewe bila kujua. Iko kwenye zile gramu 1.6.

Hebu tupige hesabu. Zinki naitreti yenye maji sita uzito wa moli yake ni 297.5, kwa hivyo gramu 2.97 ni moli 0.01. Zinki oksaidi ni 81.4 kwa moli. Ikigeuka yote, isipotee hata chembe kwenye karatasi ya kuchujia, utapata gramu 0.81 basi. Weye umepata 1.6, karibu mara mbili ya kitu kinachowezekana! Hata tuseme haikugeuka oksaidi, yote imebaki haidroksaidi, bado ingekuwa chini kidogo ya gramu 1. Kwa hivyo nusu ya unga wako au zaidi si zinki oksaidi, ni tanini, zile kemikali za ukakasi za makonyo, zilizoshikana na zinki, ni chumvi za naitreti zilizobaki, na maji. Rangi pia inasema hivyo hivyo, zinki oksaidi ni nyeupe, wako wa kahawia.

La pili, hiyo habari ya kupewa elektroni. Hiyo ni hadithi ya fedha. Ukitengeneza nano ya fedha kutoka silva naitreti, pale kweli mmea unaipa fedha elektroni, inatoka chaji +1 inakuwa metali ya fedha yenyewe, na ndio maana rangi inageuka. Zinki kwenye naitreti ina chaji +2 na kwenye zinki oksaidi ina +2 hiyo hiyo, hakuna aliyepewa kitu. Kinachoishusha ni ile sodiamu haidroksaidi yako, na kinachoigeuza kuwa oksaidi ni moto. Makonyo yana kazi lakini nyengine, zile fenoli, yaani kemikali zake kama tanini, zinaishika zinki na kuzizuia chembe zisikue na kugandana. Watu wananakili sentensi kutoka kwenye kazi za fedha wanabandika kwenye zinki, inasafiri hivyo hivyo, nimeikuta hata kwenye tasnifu za masters.

La tatu mie ndilo nnalolipenda. Umesema chumba kizima kilinukia karafuu. Ile harufu ndio yujenoli yenyewe inakwenda zake na mvuke! Kwani pale kiwandani Wawi, Pemba, mafuta ya makonyo yanatolewa vipi, si kwa mvuke huo huo, ila wao wanaukamata na kuupoza, weye umeuachia upite dirishani. Na yujenoli haipendi maji, haiyeyuki humo ila kidogo. Kilichobaki kwenye sufuria zaidi ni tanini, flavonoidi, asidi ya galiki, ndio ule wekundu wa mkandaa. Kwa hivyo usiandike yujenoli mpaka uipime.

Cha kufanya, rudia. Osha tope mara nne tano kwa maji mpaka pH ya maji ya kuoshea ifike 7, mwisho osha na ethanoli, kausha, halafu tia tanurini nyuzi 400 mpaka 500 saa mbili tatu. Osha vizuri kwanza nakusisitiza, naitreti iliyobaki ikipata moto inatoa moshi wa hudhurungi wa naitrojeni dayoksaidi na ule ni sumu, kwa hivyo tanuri liwe chini ya kifyonza hewa. Ukifungua bado moto utaona unga wa manjano, usishtuke ukadhani umeunguza kazi, zinki oksaidi ikipata joto inakuwa manjano na ikipoa inarudi nyeupe mbele ya macho yako, kaa uitazame. Kisha pima tena. Ikiwa chini ya 0.81 tunaweza kuanza kuzungumza.

Na hapo ndipo penye mtego. Nyuzi 500 koti lote la mmea limeungua. Ukipitisha tanurini huwezi tena kuandika kwamba flavonoidi zilizovaa chembe ndizo zinazoua, na usipopitisha huwezi kuita zinki oksaidi safi. Chagua moja uiseme wazi. Mie ningetengeneza zote mbili, na ya tatu pacha wao asiye na makonyo kabisa, zinki naitreti na sodiamu haidroksaidi tu, moto ule ule, saa zile zile. Bila ya huyo pacha huwezi kujua makonyo yamechangia nini.

Kuthibitisha, mwanga wa UV uone kilele karibu na nm 370, lakini maji ya makonyo nayo yanakula mwanga huko huko karibu, kwa hivyo kuwa muangalifu kwa ule wa kahawia. Ukipata nafasi ya kupeleka XRD, kile kipimo cha miale ya X kinachotambua fuwele, mistari mitatu mikubwa iwe kwenye digrii 31.8, 34.4 na 36.3. Ukihesabu ukubwa kwa kanuni ya Scherrer, upana wa mstari uugeuze kwanza kutoka digrii kwenda radiani, hapo ndipo wengi wanapoanguka, na unachopata ni ukubwa wa fuwele, chembe nzima inaweza kuwa kubwa zaidi.

mlima_mwani

Mie sio mtu wa maabara, nnatengeneza sabuni za mwani na karafuu huku Paje na wenzangu. Huo unga tunaweza kutia kwenye sabuni tukaandika inaua vijidudu? Wateja wanauliza sana.

kemia_ya_pwani

Dada yangu huu wa mwanafunzi hapana. Ukitaka zinki oksaidi ya sabuni inauzwa iliyotengenezwa kwa ajili ya vipodozi, nunua hiyo. Lakini ukishaandika inaua vijidudu umeshadai dawa, hapo lazima uende ZFDA, wakala wa chakula na dawa wa Zanzibar, kwanza. Na sabuni yenyewe na maji na kusugua ndivyo vinavyotoa vijidudu mkononi, hiyo sifa unayo tayari.

sahani_ya_aga

Upande wa kemia umeshasemwa, mie ntasema upande wa vijidudu maana ndio kazi yangu ya kila siku.

Njia ya visima kwenye aga inapima kitu kinachotembea. Antibayotiki inayeyuka inatembea ndani ya aga, ndio duara linatokea. Chembe za zinki oksaidi haziyeyuki hivyo, zinagandana zinakaa pale pale kisimani, ukitazama chini ya kisima utaziona zimetuama kama udongo wa mtungini. Kwa hivyo kilichotembea kwako kufanya mm 14 ni vile vinavyoyeyuka, zinki naitreti ambayo hukuiosha, zinki iliyochujuka kwenye unga, na maji ya makonyo. Halafu mm 14 ndani yake mna mm 6 za kisima chenyewe, na maji ya makonyo peke yake 11, tofauti ni milimita 3. Umerudia mara ngapi? Kama ni sahani moja, hizo milimita 3 usizitegemee, mkono ukitetemeka kidogo kwenye rula zimekwenda.

Weka vipimio hivi kwenye sahani moja: maji ya makonyo, pacha asiye na makonyo, maji matupu, antibayotiki kama siprofloksasini au jentamaisini, na zinki naitreti yenye zinki SAWA na unga. Hiki cha mwisho ndicho kinachosahauliwa. Miligramu 1 ya zinki oksaidi ina zinki 0.8, ili upate zinki hiyo kwenye naitreti unahitaji miligramu 3.66, ukitia miligramu 1 kwa 1 umeidhulumu naitreti. Kama naitreti imetoa duara sawa na unga wako basi unachokiona ni ayoni za zinki, yaani zinki iliyoyeyuka yenye chaji, sio nano.

Ila jibu la kweli utalipata kwenye mchuzi wa kuoteshea bakteria, sio kwenye aga. Fanya MIC, yaani tafuta kiasi kidogo kabisa kinachowazuia bakteria wasiote, kwenye sahani ya visima 96, bakteria karibu laki 5 kwa mililita, unga upunguze nusu kwa nusu. Tatizo unga unafanya maji kuwa meupe kama tui, huwezi kuona kwa macho kama bakteria wameota au hawakuota, kwa hivyo mwisho tia resazurini, rangi inayoonesha uhai. Buluu ikibaki buluu hawakuota, ikigeuka pinki wapo hai. Weka na visima vyenye unga bila bakteria, uhakikishe unga wenyewe haubadilishi rangi. Rudia siku tatu tofauti.

Na sahani zako zisipigwe na jua la dirishani halafu ukalinganisha na za mwenzako zilizokaa gizani. Zinki oksaidi ikipata mwanga wa UV inazalisha oksijeni kali, haidrojeni peroksaidi na wenzake, na hizo zinaua. Seti moja gizani, moja kwenye mwanga, uandike.

Taka: sahani zote zipite otoklevu, ile mashine ya mvuke wa shinikizo, nyuzi 121 ndio zitupwe, na maji yenye zinki usimwage sinki. Zinki ni sumu kali kwa viumbe vya majini na sinki zetu hizi mwisho wake baharini, kwenye mwani wa huyo dada wa Paje. Kusanya kwenye galoni, andika jina juu.

kijana_wa_wete

Nyie mnamkatisha tamaa kijana wa watu. Nimesoma kazi nyingi mno mtandaoni, mwarobaini, mlonge, tangawizi, zote wanatengeneza zinki oksaidi na kopa oksaidi na zote zinaua bakteria, wote hao waongo? Wazee wetu karafuu wanaweka kwenye jino linalouma tokea enzi.

sahani_ya_aga

Hapana yakhe, hakuna aliyesema waongo, na zinki oksaidi inaua bakteria kweli, hilo halina ubishi. Inaua kwa njia tatu zilizochanganyika: ayoni za zinki zinazochujuka, zile oksijeni kali, na chembe kugusa ukuta wa bakteria na kuuharibu. Kopa oksaidi nayo ni hivyo hivyo na mara nyingi kali zaidi, na sumu yake kwa seli za mtu pia kali zaidi. Hata matokeo ya kijana, S. aureus kuumia zaidi kuliko E. coli, yanaingia akilini, maana E. coli ana utando wa ziada nje unaomkinga.

Tunachobishania ni mmea umefanya nini. Karafuu ya jino ni yujenoli, inatia ganzi na inaua vijidudu, madaktari wa meno wanaitumia wakichanganya na zinki oksaidi hiyo hiyo kuziba jino kwa muda, sasa unaona vitu viwili hivyo vinajuana siku nyingi. Lakini kule kila kimoja kinajulikana kiasi chake. Ukinipa unga wa kahawia usiojulikana nusu yake ni nini, ukafanya kazi leo, kesho ukaja na makonyo ya shamba jengine usifanye, tutamwambia nini mkulima wa Konde? Mie nataka makonyo yapande bei kama unavyotaka weye. Ndio maana nataka kazi hii isimame.

mtoto_wa_konde

Jamani nimerudi, wiki tatu zimepita, samahanini kwa kimya.

Kwanza bibi. Nilimpigia mjomba usiku ule ule nilioisoma ile habari ya yule mama, asubuhi wakampeleka. Sukari ilikuwa juu sana, kidonda kilikuwa kimechimba ndani pembeni pasipoonekana, daktari kasema mfupa bado salama. Kasafishwa, kapewa dawa, anafungwa siku moja baada ya moja, na mjomba kamtengenezea gongo la kuegemea asikanyage. Jana kanipigia kasema nyama nyekundu imeanza kujaza. Dada nesi, Mungu akulipe.

Unga nimerudia. Kuosha mara tano, pH 7, ethanoli, tanuri nyuzi 450 saa tatu. Nilifungua mapema kidogo makusudi nione, na kweli, manjano kama kiini cha yai la kisasa, nikakaa nikaitazama inafifia mpaka ikawa nyeupe kama chokaa. Nimepima gramu 0.68. Pacha asiye na makonyo katoa 0.71.

Sahani nimefanya mara tatu. Unga mweupe wa makonyo umetoa mm 9 kwa S. aureus, pacha naye 9, E. coli hakuna duara kabisa kwa wote wawili. Zinki naitreti yenye zinki sawa imetoa 16, imeupita hata ule unga wangu wa mwanzo. Kwa hivyo ile 14 niliyoifurahia ilikuwa zaidi ni naitreti niliyoshindwa kuiosha na tanini za makonyo. Nimemuonesha msimamizi, safari hii kakaa chini tukazungumza saa nzima.

Chini ya kisima kweli unga umetuama kama alivyosema sahani_ya_aga, nimeupiga picha nimeitia kwenye ripoti. MIC naanza Jumatatu, resazurini nimeazimwa, nina unga wa aina tatu, wa kahawia uliooshwa vizuri, mweupe, na pacha. Swali langu sasa, huo wa kahawia ukigeuza resazurini wenyewe bila bakteria nifanyeje, maana tanini nahofia zitaigeuza pinki?

sahani_ya_aga

Unaweza kugeuza, ndio maana ya vile visima visivyo na bakteria. Ukiona hivyo achana na rangi kwa huo wa kahawia, chukua mikrolita 10 kutoka kila kisima dondoshea kwenye aga mpya, kesho hesabu walioota. Kazi yake kubwa lakini haidanganyi. Na usiutupe ule unga wa mwanzo wa 1.6, uweke kwenye chupa na tarehe, upeleke XRD pamoja na mweupe.